Mpira wa Njuga

Walinichagua kwa sababu niliwahi kufufua redio ya mpishi.
"Fundi, tutafutie kamera," akasema mwalimu Wafubwa,
"ijiwashe yenyewe, ijizime yenyewe,
mimi mikono yangu ina filimbi."
Akanikabidhi kopo la majani chai:
elfu thelathini na moja, noti kwa sarafu.

Nikapanda ngazi, nikapima ukumbi kwa kamba.
Mita kumi na nane, kwa tisa.
Upande wa magharibi kuna mabati mawili ya plastiki,
na saa kumi jioni jua la Nyamasaria hupenya hapo
kama mtu amemwaga uji wa moto.
Jicho lolote likitazama huko, nikasema, litapofuka.
Kisha nikameza mate.
Apondi alikuwa anafunga kitambaa usoni.
"Likipofuka," akasema, "lije tulipe jezi."

Ya kwanza ilikuwa simu yangu ya zamani
niliyoifunga kwenye bomba.
Ikanasa robo saa, ikalalamika imeshiba.

Ya pili niliazima Kondele, kwa mpiga picha wa harusi.
Hiyo ina shingo. Inaufuata mpira yenyewe,
hivyo ndivyo alivyoniapia.
Siku hiyo ilimfuata mbayuwayu
kutoka boriti hadi boriti, dakika saba,
huku chini mabao mawili yakifungwa bila shahidi.
Hilo ningelisamehe.

Lakini mchezo huu huchezwa kwa kimya.
Watu wote hunyamaza, hata mpishi mlangoni,
ili njuga zilizo tumboni mwa mpira
ziseme zinakoelekea.
Na katikati ya kimya hicho Kemunto akainua mkono.
"Kuna nyuki."
Tukamtafuta nyuki. Mwalimu akapunga taulo.
"Juu, kulia kwangu. Anavuma, anatua, anavuma tena."
Ilikuwa shingo ya kamera.
Mimi niliyekuwa nimesimama chini yake
sikuwa nimesikia kitu.

Nikairudisha Kondele siku ileile.

Dukani muuzaji akanisifia picha:
utahesabu nyuzi za soksi, utaona jasho likidondoka.
Nikamuuliza, "Inapiga kelele?"
Akanitazama. Nikamwambia aiwashe.
Nikaiweka sikioni kama mtu anayenunua tikiti maji.

Nikachukua isiyo na shingo.
Jicho moja pana, linaona goli hadi goli
ingawa wachezaji wanakuwa wadogo kama punje za njugu.
Nikaitundika ukuta wa magharibi, kisogo kwa jua.
Ilikuwa na tabia ya kulia "pii" kila inapoamka:
nikaifungua, nikaing'oa ulimi.
Sasa saa kumi huamka kama mwizi.

Fedha zilizobaki
sikununua lenzi ya kuvuta karibu.
Nilinunua vinasa sauti viwili,
kimoja nyuma ya kila goli,
nikavining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli
ili visitetemeke watu wanapojitupa sakafuni.
Mwalimu alinung'unika kidogo. Alitaka kuona nyuso.

Jumamosi tukakaa kusikiliza, spika mbili,
moja kushoto, nyingine kulia.
Mimi nilikuwa nimekwisha kuitazama ile mechi mara tatu
na nilichokuwa nimeona ni wasichana wakilala chini.
"Rudisha," Apondi akasema. "Tena. Hapo!
Njuga zimenipita kabla goti langu kugusa sakafu.
Nasimiyu aliniita, nikadhani anamwita Kemunto."
"Nilikuita wewe," Nasimiyu akajibu,
na wakaanza kugombana kwa furaha
juu ya nusu ya sekunde
ambayo mimi hadi leo siioni.

Nikaleta risiti, nikaleta na kopo.
Nililitikisa tu, nikijiandaa kueleza hesabu.
"Sarafu saba," Kemunto akasema.
"Za ishirini ishirini."
Nikafungua, nikahesabu.