Hamsini na Tisa, Sitini, Sitini na Moja

Alfajiri, Mwaloni Kirumba. Nkwimba wa jirani
kakalia kreti iliyopinduliwa, daftari gotini,
nami nahesabu sato: hamsini na nane, hamsini na tisa.
Hamsini na tisa hawapangiki.
Watatu watatu, wanabaki wawili.
Saba saba, wanabaki watatu.
Ama fungu moja kubwa, ama kila samaki peke yake.

Naongeza mmoja, kadogo, ka kukaangia mtoto,
meza nzima inafunguka:
mafungu mawili, matatu, manne, matano, sita,
kumi, kumi na mawili, hadi thelathini.
Nkwimba vidole vinamwishia.
"Vigawo kumi na viwili, ma'mdogo!"
Nyumba ya sitini imejaa watoto.

Naongeza mwingine. Kimya.

Kaingia mmoja tu, namwuliza,
wale kumi wamekimbilia wapi?
Anacheka, ananisomea kitabu:
hamsini na tisa, sitini na moja,
hizo ni namba tasa.

Neno hilo nalijua.
Nimelisikia bombani Kitangiri, nyuma ya ndoo,
likishushwa sauti nilipofika.
Mimi na mama yake Nkwimba tunatenganishwa na tofali moja.
Upande ule watoto saba, na kikohozi, na viatu vya kugombania.
Upande wangu redio.

"Mara nyingine majirani hufanana," anasema,
kana kwamba kanisikia.
Thelathini na tatu, na nne, na tano:
kila moja ina vigawo vinne, wala hazikushauriana.
Halafu thelathini na sita, tisa.
Halafu thelathini na saba, tasa tena.
Hakuna wa kukwambia inayofuata itakuwaje
mpaka uifikie, uigawe mwenyewe.

Korongo wanapita kati ya vichanja vya dagaa,
wazito, kama wakaguzi.

Anaivunja sitini, mwalimu kawaagiza:
mbili mara mbili mara tatu mara tano.
Anapiga mstari chini.
Basi?
"Basi. Hizo hazivunjiki tena."
Kwa nini?
"Tasa, ma'mdogo. Sitini yote imejengwa kwa tasa."

Rudia, nikamwambia.
Magamba yalikuwa yakinikauka mikononi.
Mteja akauliza fungu bei gani.
Rudia.