Fimbo ya Kusikilizia

Saa saba za usiku, Morioka,
theluji imefika kwenye fundo la mguu,
nami nimeinama katikati ya barabara
kama mtu aliyedondosha pete.
Ncha moja ya fimbo iko juu ya kifuniko cha vali,
ya pili iko sikioni mwangu.
Mlevi ananipita, anauliza kama naongea na wafu.
Hapana, namwambia, nasikiliza tu.
Anacheka, anateleza, anakwenda zake.

Miaka sita niliuza bima.
Kila asubuhi tulipangwa mstari mbele ya meneja Shirakura
tukapaza salamu hadi vioo vitetemeke:
Karibu! Asante! Tutajitahidi!
Midomo yangu ilicheza,
sauti ikabaki nyuma ya meno
kama mgeni aonaye haya kubisha hodi.
"Onodera, umemeza pamba?"
Ubaoni jina langu lilikaa chini kabisa,
mwezi baada ya mwezi chini kabisa,
hadi likaota mizizi.

Mama alisema kazi ni kazi.
Mchagua jembe si mkulima, alisema,
au neno la jinsi hiyo, kwa lahaja ya milimani kwao.
Basi nikajifunza kucheka kutoka kitabuni.
Nikanunua viatu vyenye visigino vya kujiamini.
Usiku nililala macho, nikilisikia friji la jirani
likikohoa kabla ya kuzima,
nikimjua kila mpangaji kwa goti lake ngazini.
Sikudhani ni kipaji.
Nani hulipwa kwa kusikia friji?

Kisha siku moja, kwa mjane Bi Satsuki,
mkataba mezani, kalamu imefunguliwa, chai inapoa,
badala ya kutaja faida ya miaka ishirini nikasema:
"Bi, nyumba yako inavuja."
"Haivuji."
"Inavuja. Chini ya sakafu, upande wa bafu."

Akaja mtu wa idara ya maji,
Kudo, shingo nene, yai la kuchemsha mfukoni.
Akasimika fimbo, akafumba macho, akakaa hivyo.
Alipoinuka alinitazama mimi, si sakafu.
"Nani kakwambia?"
"Hakuna. Nimesikia."
Hakunisifu. Alimenya yai lake taratibu,
akauliza:
"Baridi unaiweza?"

Mshahara ulipungua theluthi.
Mgongo unauma, na kijana aliyetaka kunioa
hulala saa ninazoamka.
Mama aliwaambia majirani nimekuwa mhandisi.
Zipo pia usiku ambazo bomba halisemi kitu,
nami nahisi kiziwi ni mimi.
(Kudo, sikio lake la kushoto limekufa.
Anaficha. Namwachia upande wa kulia.)

Lakini nimejua hili, na sikufundishwa na mtu:
maji yaendayo njia yake hayana la kusema.
Yanayolia ni yale yaliyopasuliwa upenyo,
sssss, chini ya lami, chini ya udongo ulioganda,
wiki, miaka, na juu yake watu wanasukuma vigari vya watoto.
Miaka sita nilivuja mimi
na hakuna aliyeinama.

Hapa. Nachora duara la bluu kwenye theluji.
Mafundi watakuja na mitambo yao ya kelele;
kelele ni zao, duara ni langu.
Mama, jembe hili sikulichagua.
Lilinishika mkono.

Saa mbili asubuhi narudi nyumbani, fimbo begani,
napita chini ya ofisi ya zamani.
Wamepangwa mstari. Karibu! Asante!
Nahesabu midomo nyuma ya kioo: ishirini na moja.
Nahesabu sauti.
Ishirini.

Nasimama.
Navua glovu, ili mkono nitakaoinua
uonekane kuwa ni mkono.