Upindo wa Joho

Shemeji Eligi kaja na kitambaa ndani ya mfuko wa rambo,
mita nne na nusu, nyeupe, ya kwa Mrutu kule Moshi mjini.
"Kristo Mfalme naapishwa," akasema. "Joho la chama.
Fundi wa mjini ataniharibia. Wewe mkono wako naujua."
Anaujua.
Ndio ulioshona suti aliyozikwa nayo mdogo wake.

Nikampima.
Kifua arobaini na nne. Shingo kumi na saba.
Bega la kushoto limeshuka inchi moja na robo,
miaka ishirini na sita ya magunia pale kiwanda cha kahawa.
Nikaandika nyuma ya bahasha ya zaka.
Yeye hakutazama dirishani. Mimi nilitazama:
ukikaa cherehanini unauona mstari wa masale,
majani bado malaini, yamepandwa mwezi wa tatu,
hatua tisa ndani ya kihamba changu.

Padre Kanuti alishatueleza habari za mashujaa wa msalaba:
walitoka kwao Ulaya, miaka mia tisa imepita,
wakaenda kwa farasi na kwa kiu mpaka Yerusalemu,
msalaba mwekundu begani,
na wengine wakaapa kumlinda mgonjwa, msafiri, yatima, mjane.
Kibosho nzima ikaitika amina.
Neno "mjane" likaninasa,
kama gauni kwenye msumari wa benchi.

Lakini nani alishona?
Misalaba yote ile haikuota mabegani kama chunjua.
Kuna mwanamke alilamba uzi, akatunga sindano karibu na moto,
kulipokucha mume akapanda farasi,
yeye akabaki na mbuzi na shemeji.
Sijui ilikuwaje kwake. Mashemeji nawajua.
Na kule walikokwenda kulikuwa na watu
wana migomba yao (mizeituni, kumradhi)
na makaburi ya babu zao chini yake, kama sisi.
Wakaambiwa: nchi hii ni takatifu, ondokeni.
Padre hakufika huko.
Muda ulikwisha, kwaya ilikuwa imeshasimama.

Na changu je?
Aureli amelala upande wa mfereji,
maji yakifunguliwa zamu yetu, nadhani anasikia.
Hizo hatua tisa zinapita futi mbili tu toka miguuni pake.

Nikakata. Nikapiga pasi.
Msalaba wa mahameli, nimeutenda kwa mkono pembe zote nne.
Saa sita usiku umeme ukaondoka,
nikatoka peku, simu mdomoni inamulika,
hadi mpaka wa zamani, ambako mzizi mmoja
hawakuung'oa vizuri, nao umechipua.
Nikachuma jani.
Kwetu aliyekukosea akikuletea sale
unapokea, hata kama ameua.
Nikalikunja mara tatu, nikalishonea ndani ya upindo,
kushoto, pale bega linaposhuka,
mshono wa kurudia, hata mimi mchana sikuuona.

Jumapili, wazee saba mbele ya altare.
Upanga ulikuja kwa basi toka Dar, umeviringishwa blanketi.
Ukamgusa bega la kulia.
Ukamgusa la kushoto.
Joho likatulia sawasawa, kama maji kwenye beseni,
na nyuma yangu mtu akanong'ona: fundi nani?
"Mke wa marehemu Aureli."

Wakati wa kutakiana amani akanijia, mkono mbele,
analo, hajui kama analo.
Nikampa ncha za vidole.
Sale ambalo mtu amelibeba bila kujua, linahesabika?
Ningewauliza wazee wa ukoo,
ila ndio wale saba.

Nimemwambia joho lisiende kwa dobi, nitalifua mwenyewe.
Amesema mimi ni dada kweli.
Pesa ya ufundi bado hajaleta.