Vifungo

Tangu wamzike Nyadoi, cherehani imefunikwa leso
na Mzee Owori hafungui dirisha la barabarani.
Walukuba nzima ilikuja, ikala, ikalia, ikarudi kazini.

Kagoya alikuja siku ya tisa, sare mkononi.
"Kifungo kimetoka. Mama yuko sokoni."
"Fundi hayupo," mzee akasema.
"Najua. Lakini sindano ipo?"

Macho ya mzee hayalioni tundu.
Mtoto akalamba uzi, akautunga;
yeye akashona vibaya, kama afungaye gunia.

Kesho yake, kifungo kingine.
Keshokutwa, cha shingoni.
Wiki ya pili wakafungua dirisha, wapate mwanga,
wakamwaga mezani kopo la vifungo vya marehemu:
vya mfupa, vya shaba,
kimoja chekundu, cha koti la harusi,
ambacho mzee alikishika muda mrefu
na Kagoya hakuuliza.
Alihesabu tu, kwa sauti ndogo,
akipotea kila afikapo kumi na tisa.

Leo uzi uliokatika una alama za meno.
Mzee ameuona. Ameutia mfukoni.
"Shule yenu," anasema, "ina upepo mkali."
"Mkali sana," anajibu Kagoya,
akivuta kigoda.