Jina la Pili

Newala, ghala la pili. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma
umesimama mlangoni kama mtu aliyepoteza stakabadhi.
Mpakato wangu uko juu ya gunia la korosho.
Natunga lugha, si ya watu, ya mashine,
ili karani Somoe Chitanda aiamrishe mizani
kwa maneno yale yale anayobishania bei ya dagaa.

"Kama" nimelipata. "Vinginevyo" nimelipata.
"Rudia mpaka" lilikuja lenyewe, mbuzi ajuaye zizi.
Nimekwama kwenye maneno mawili,
madogo kuliko yote.

La kwanza nililiita kweli, halikunisumbua.
La pili nikaandika uongo,
tukajaribu kwa gunia la Mzee Likwachala:
limekauka?
Kioo kikajibu: uongo.
Mzee akavua kofia, akauliza taratibu,
"Nani kasema uongo hapa, mimi au gunia?"

Uongo una mdomo.
Una mtu aliyejua, akageuza.
Korosho mbichi haijamdanganya yeyote,
imenyeshewa tu.

Nikafuta. Nikaweka ndiyo na hapana.
Somoe, bila kuinua macho kwenye daftari:
"Hujala?"
"Ndiyo," nikasema.
"Basi ndiyo yako ni njaa."
Alikuwa na haki. Ndiyo yetu humkubali muulizaji,
haifunui sufuria.
Mashine ukiilisha neno hilo
itashiba kwa adabu.

Sahihi na kosa? Nyuma ya kosa naiona fimbo.
Moja na sifuri? "Sifuri kaileta mwanangu juzi,
kaikunja mara nne ndani ya soksi."
Tukaachana na sifuri.

Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa sita,
nami nikaandika sikweli,
neno moja, bila nafasi katikati,
maana mashine ikiona nafasi hudhani umemaliza kusema.
Mwalimu wangu wa sarufi kule Nanyamba angelipigia mstari mwekundu.
Mnisamehe, mwalimu.
Sikweli halimtukani mtu.
Linakanusha, linakaa chini.

Siku ya nne jua lilitoka, Mzee Likwachala akaja na gunia lile lile,
limeanikwa, linalia kama kayamba.
Limekauka? Kweli.
Akavaa kofia.
Akasogea, akaegemeza viwiko mezani:
"Na malipo ya mzigo wa kwanza, yameingia?"
Somoe akabonyeza.
Sikweli.
"Si kweli kwamba nina malipo?"
Uso ule ule wa siku ile. Mkono ukarudi kofiani.

Somoe akageuza kioo kikatazama ukuta.
"Bado, mzee."
"Ah. Bado."
Akavuta gunia tupu, akalikalia,
akatoa muhogo mkavu mfukoni, akamega, akanipa nusu.

Bado.
Nimesoma vitabu vya watu waliojenga lugha hizi,
kila swali wameliwekea viti viwili,
na hakuna aliyeuliza atakaa wapi
mtu ambaye jibu lake liko njiani.

Nikafungua faili. Chini ya kweli, chini ya sikweli,
kishale kinawaka, kinazima, kinawaka.
Nje foleni imefika hadi kwa fundi baiskeli.
Muhogo ulikuwa mgumu.
Nilitafuna muda mrefu kabla sijaandika kitu.