Hamsini na Tano

Wilma Kucera ana spana, ngazi, na karatasi ya kaunti:
ng'oa hamsini na tano, weka sitini na tano.
Barabara imenyooka kama uzi wa fundi,
mahindi kulia, mahindi kushoto,
Nebraska yote imelala chali.

Kibao kina matundu matatu ya risasi, utundu wa vijana.
Kilisimikwa mwaka ule mafuta yalipoadimika,
baba yake akiendesha gari zito kama kabati la chuma,
ukikanyaga breki, uombe na dua.
Leo magari yanajisimamisha yenyewe,
gizani yanaona kuliko paka,
na sheria bado imevaa suruali ya babu.

Nyuma ya ghala la nafaka, askari Duane Tesar
amezima taa, anatafuna mbegu za alizeti.
Mji mzima unajua yupo.
Wanapunguza mwendo, wanampungia mkono,
wakishampita wanakanyaga tena.
Wanaolipa ni wageni:
mwaka jana faini zao ziliezeka maktaba.
Sasa hiyo tuiite sheria,
au mtego wa panya uliopewa beji?

Imepitwa na wakati, anasema Wilma. Anasema hivyo
na nati ya tatu imegoma.
Anaipulizia dawa ya kutu. Anangoja.
Lori la ng'ombe linapita, upepo wake unamvua kofia,
kofia inabingirika mpaka mtaroni,

mtaro ule ule.
Oktoba. Kulungu jike, macho mawili ya kijani.
Alikuwa kwenye sabini na mbili,
na breki zilikuwa mpya, risiti anayo mpaka leo.
Goti la kushoto lina skrubu nne.
Chuma kimesoma, kimehitimu, kimevaa joho;
mfupa bado uko darasa la kwanza.

Nati inalegea, kwa kelele kama ya jino.
Kibao kipya kinang'aa, hakijui kitu.
Cha zamani anakitupa nyuma ya pikapu,
kifudifudi.

Anarudi nyumbani kwa hamsini na tano.
Hakupanga. Mguu tu.
Nyuma yake magari manne, honi juu ya honi.
Anawasha taa ya kulia, anawapisha:
mmoja, wa pili, wa tatu.
Wa nne ni Duane, zamu imekwisha,
anawahi mechi ya mwanawe,
anapita kama radi,
na anampungia mkono.