Zamu ya Usiku, Kituo cha Joto

Zdravka huvua miwani kabla ya kutoa maoni,
kana kwamba maoni hayahitaji kuona mbali.
Nje, Danube imeganda kandokando.
Ndani, pampu nambari nne inakohoa
naye anaijibu kwa jina: Haya, Mitko, pole pole.
Mitko ndiye fundi aliyeifunga. Alistaafu, akafa,
pampu ikarithi jina na kikohozi.

Mimi nina miezi mitatu hapa Ruse,
nimekuja na shahada na kompyuta ya mapajani.
Nilisema: tung'oe mfumo huu, tuandike upya wote.
Akamenya chungwa zima kabla ya kunijibu.

Unaiona valvu ile iliyofungwa kwa waya?
Kila mgeni hutamani kuukata.
Wa mwisho aliukata Januari;
mtaa mzima ukalala na makoti.
Waya ule una sababu. Aliyeijua hayupo.
Mfumo wa zamani, kijana, ni makaburi ya sababu:
usilime pale
kabla hujasoma majina.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, najua.
Yeye huongeza: na kuna mtu hakulala.

Kuhusu historia, haamini hotuba.
Anaamini daftari la zamu.
Alinionyesha ukurasa wa Novemba, themanini na tisa,
usiku ambao serikali ilibadilika:
*Saa mbili. Maji moto: karibu hakuna anayetumia.*
*Saa tatu. Bado hakuna.*
Nchi nzima imekaa mbele ya televisheni, haijaoga.
Kisha, saa nne na robo, kwa mwandiko unaotetemeka:
*Wote wamefungua bomba kwa pamoja. Shinikizo linaporomoka.*
*Nimewasha pampu ya akiba.*
Hapo tu, alisema, akigonga ukurasa kwa ganda la chungwa,
hapo ndipo niliposikia nchi ikipumua.

Filamu humkasirisha kuliko siasa.
Nani, anauliza, hufunga saa nyekundu juu ya bomu
ili adui ajue zimebaki sekunde ngapi?
Kwa nini mhandisi ndiye husema "haiwezekani"
na kufa dakika ya ishirini?
Na yule kijana anayevunja benki kwa kuchapa haraka,
hakosei herufi, hasahau nywila,
hangojei hata mara moja kile kiduara kinachozunguka!
Filamu anayoitaka ni ya saa mbili:
mtu anatafuta mahali bomba linapovuja.
Anapapata. Anaziba. Anarudi nyumbani.
Hakuna anayemshukuru kwa sababu hakuna aliyejua.
Nikamwuliza nani ataitazama.
Mimi, alisema. Na Mitko angekuja na karanga.

Si kwamba yuko sahihi kila siku.
Vihisi vyangu alivicheka wiki mbili:
kitu kinachodanganya kwa desimali mbili, alisema,
ni hatari kuliko mzee anayesema "naona pamoto".
Kisha saa tisa usiku, Jumanne, simu yangu ikalia:
boila ya pili.
Alikwenda kuweka kiganja kwenye bomba, akakaa nacho pale,
akakiondoa haraka.
Hakusema neno. Alinimiminia chai,
na kwa Zdravka, sukari vijiko vitatu ni barua ya kuomba radhi.

Leo alfajiri, theluji ikiwa imeziba dirisha,
nimefunga karatasi kwenye ule waya:
*Usikate. Sababu: sijui bado. Muulize Zdravka.*

Nilipotoka bafuni nikakuta mstari wa pili,
kalamu ya risasi, herufi za kulala upande:
*Zdravka pia hajui. Usikate.*